Nyaya za kubadilishia kwenye pikapu za gitaa la umeme: geji, ganda, ngao na namna ya kuunga

SoldaPolepole

Wakuu, salaam. Swali la nyaya za pikapu, yaani kile kifaa cha sumaku na koili kinachonasa mtikisiko wa nyuzi za gitaa, huulizwa ndani ya nyuzi nyingine za jukwaa na majibu yanatawanyika, kwa hiyo naliwekea uzi wake.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: pikapu ya koili moja ya aina ya Stratocaster au Telecaster, chukua waya wa shaba iliyopakwa bati, wenye nyuzi 7 ndani, geji 22 au 24 (namba ya geji ikipanda, waya ni mwembamba zaidi), nyaya mbili uzisokote pamoja. Hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, chukua kebo nyembamba yenye nyaya 2 au 4 za geji 26 hadi 28 ndani ya ngao moja ya chuma inayozuia kelele.

Sasa jibu refu, na tuanze na unene maana ndio unaowatisha watu bure. Koili ya Strat kwa kawaida huzungushwa kwa waya wa geji 42, unene wa milimita 0.063 hivi, ambao kila mita yake ina omu 5.4 hivi. Pikapu inayosoma kilo-omu 6 ina zaidi ya kilomita moja ya waya ule. Wewe unaongeza sentimita 30 za waya wa kutolea sauti. Zikiwa za geji 22 ni omu 0.016, zikiwa za geji 28 ni omu 0.064. Weka hiyo mbele ya omu 6,000 uone kama kuna cha kujadili. Kwa upande wa umeme, geji yoyote inayoshikika kwa mkono inatosha.

Geji inachaguliwa kwa sababu za kifundi: waya uingie kwenye kipete cha pikapu (kitundu cha chuma ambamo ncha ya koili imeungwa), usikatike ukikunjwa, na usihitaji joto jingi kuunga. Kwa vipimo, geji 22 ina eneo la milimita za mraba 0.33, geji 24 ni 0.2, geji 26 ni 0.13 na geji 28 ni 0.08. Ukikuta waya umeandikwa 7/0.2, maana yake nyuzi 7 za milimita 0.2 kila mmoja, na huo ni karibu sawa na geji 24. Unafaa sana.

Waya mnene kupita kiasi ndio unaoua pikapu. Waya wa umeme wa nyumbani wa milimita za mraba 1.5 haupiti kwenye kipete, na anayeulazimisha juu yake analazimika kushikilia pasi ya lehemu muda mrefu. Wakati huo ncha ya koili, ule waya wa milimita 0.063, iko ndani ya lehemu hiyohiyo inayochemka. Hata ukiungika, ugumu wake unakuwa wenzo: kila ukisogeza pikapu, waya unavuta kipete na bamba lake la faiba.

Ganda_na_Shaba

Naunga mkono, niongeze upande wa ganda, maana hapo ndipo kazi inapoharibika mezani.

PVC ya kawaida: rahisi, laini, rangi nyingi. Kasoro yake ni kwamba inarudi nyuma ukiunga. Umechuna milimita 4, unapomaliza kuunga waya uko wazi milimita 8, na kwenye swichi yenye miguu iliyobanana hiyo ni shoti inayosubiri. Dawa ni kupaka bati ncha haraka, sekunde 1 au 2, na kuchuna kidogo kuliko unavyodhani unahitaji. Kuna PVC iliyopigwa mionzi ili isiyeyuke upesi. Hiyo inavumilia vizuri zaidi.

Tefloni, yaani PTFE: hairudi nyuma hata ukichelewa, na ni nyembamba. Lakini inateleza, kuichuna kunataka kichunio kikali cha saizi yake, na waya wake mara nyingi unakuwa mkakamavu. Msichome ganda la Tefloni kwa kiberiti ili kulitoa. Ikipashwa moto kupita kiasi inatoa moshi unaoleta homa na kubana kifua.

Silikoni: laini kuliko zote, inavumilia joto la pasi bila shida, ndani ina nyuzi nyembamba nyingi. Tatizo ni unene wa ganda. Geji 22 ya silikoni ni nene kwa nje, na nyaya sita za pikapu tatu zinajaza tundu la Strat upesi. Ganda lake pia linachanika likikwaruzwa na ukingo wa bati. Ukitaka silikoni, shuka hadi geji 26.

Kitambaa cha pamba kilicholowekwa nta: ndicho kilichomo kwenye magitaa mengi ya Fender ya zamani. Huchuni. Unasukuma kitambaa nyuma kwa kucha, unaunga, unakirudisha mbele. Hakiyeyuki, na ndiyo sifa yake kubwa. Kinanyonya unyevu na kuchakaa ncha kadiri muda unavyokwenda, ila kwa kuunga na kufungua tena mara nyingi sijaona kinachokizidi kwa urahisi.

Polithini ndani ya kebo za nyaya 4: hii ndiyo ya kuiogopa. Inayeyuka mara tu pasi inapokaribia. Ukiunga kebo ya aina hiyo, shika waya kwa kibanio kidogo cha chuma kati ya ganda na mahali pa kuunga ili kibanio kinyonye joto.

Mnanda_wa_Sita

Mkuu Ganda, hapo kwenye kitambaa ndipo ninapotaka kuuliza. Wapo wanaosema waya wa kitambaa unaipa Strat sauti yake ya miaka ya 1950, na wa plastiki unaibana. Kuna ukweli wowote?

Pikofaradi

Nijibu kwa hesabu, kila mtu aipige mwenyewe.

Pikapu ni koili, na koili pamoja na kapasitansi inafanya kilele cha mwitiko. Kilele hicho ndicho masikio yanachokiita "ung'avu". Masafa yake ni 1 gawanya kwa (2π mara kipeuo cha pili cha L mara C), L ikiwa induktansi ya koili kwa henri na C jumla ya kapasitansi kwa faradi. Chukua Strat yenye henri 2.5. Kapasitansi yake ya ndani tuseme pikofaradi 100, na kebo ya kwenda kwenye amplifaya ya mita 5 yenye pikofaradi 100 kwa mita, yaani 500. Jumla 600. Kilele kinaangukia karibu na hezi 4,110.

Sasa badilisha waya ndani ya gitaa. Nyaya mbili zisizo na ngao za sentimita 20 au 30, ziwe za kitambaa au plastiki, zinaongeza pikofaradi chache tu. Tofauti kati ya kitambaa na PVC hapo ni sehemu ya hizo chache, na kilele hakisogei kiasi cha kujulikana.

Weka kebo yenye ngao badala yake, na tuseme kwa urefu wake inaongeza pikofaradi 60. Jumla 660, kilele kinashuka hadi hezi 3,920 hivi. Hapo mwenye masikio makali, akilinganisha papo kwa papo, anaweza kusikia. Lakini ni sawa kabisa na kuongeza sentimita 60 kwenye kebo ya nje. Anayebadilisha kebo ya mita 3 kwa ya mita 6 amegusa sauti mara kadhaa zaidi ya mtu yeyote anayebadilisha waya wa pikapu.

Ukitaka kusogeza sauti kwa makusudi, angalia poti, yaani kipinga kilicho chini ya kitufe cha volyumu au toni. Volyumu ya kilo-omu 250 na ya kilo-omu 500 zinasikika tofauti waziwazi kwenye pikapu ileile, kwa sababu poti ndogo inakibonyeza kilele.

Mnanda_wa_Sita

Nimekuelewa. Kwa hiyo kitambaa ni urahisi wa kazi na sura, si sauti.

Pikofaradi

Ndivyo. Na kwa anayerudisha gitaa la zamani katika hali yake, sura nayo ni sababu halali. Asilazimishe tu fizikia imuunge mkono.

hambaka_mbili

Naomba tuguse nyaya za hambaka, maana huko makosa ni mengi zaidi. Kuna aina tatu zinazokutana mezani.

Ya kwanza ni waya mmoja ndani ya ngao ya kusuka, mtindo wa Gibson wa zamani. Ndani geji 22 yenye ganda la kitambaa, nje ngao ya shaba iliyopakwa bati, wazi kabisa. Ngao yenyewe ndiyo ethi ya koili (upande wa kurudishia umeme) na ndiyo ethi ya bamba na kifuniko.

Ya pili, nyaya mbili ndani ya ngao. Koili zimeunganishwa ndani kwa mfululizo, unapata ncha mbili, na ngao ni ethi ya chuma peke yake.

Ya tatu, nyaya nne na waya mtupu. Kila koili inatoa ncha zake mbili, kwa hiyo unaweza kuzima koili moja, kuziweka sambamba au kugeuza mwelekeo wa umeme wake.

Ushauri wangu: kama umeshafungua hambaka na unabadilisha waya, weka wa nyaya nne hata kama leo hutaki swichi yoyote. Kazi ngumu ni kufungua utepe na kufikia ncha za koili. Ukishafika hapo, kurudi mara ya pili ni kuomba ncha ikatike.

Rangi sasa. Usiamini rangi bila kujua kampuni. Seymour Duncan: nyeusi ni waya wa sauti, nyeupe na nyekundu zinaunganishwa pamoja na kufungwa peke yake, kijani na waya mtupu vinakwenda ethi. DiMarzio: nyekundu ni waya wa sauti, nyeusi na nyeupe zinaunganishwa, kijani na waya mtupu ethi. Rangi ni zilezile nne, kazi tofauti. Ukiweka kebo mpya, chagua mpangilio mmoja kati ya hiyo, andika kwenye karatasi na ubandike chini ya pikapu.

Kibanio

> Ukiweka kebo mpya...

Hapa pana njia wanayoipuuza wengi. Kebo ya USB 2.0 ina nyaya nne za rangi nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani, pamoja na ngao, na iliyo nzuri ina waya mtupu wa ngao pia. Mara nyingi nyaya za data ni geji 28. Kwa hambaka inafanya kazi, ila kwa masharti:

Kata sentimita 5 uchunguze kwanza. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, itupe. Lehemu ya kawaida haishiki aluminiamu, na uzi wake unakatika ukikunjwa mara chache. Kisha sogeza sumaku. Ikivutwa, ndani kuna chuma, itupe pia.

Karatasi ya fedha iliyozunguka nyaya ni aluminiamu, hailehemiwi. Ethi inapita kwenye waya mtupu au kwenye ngao ya kusuka. Kama kebo ina karatasi tu bila waya mtupu, haina faida kwako.

Ganda la nje la USB mara nyingi ni nene, milimita 4 au zaidi, na tundu la bamba la hambaka huenda halilipitishi. Ukilazimika kulitoa, kebo itabaki nyaya tupu zilizofunikwa na karatasi. Pitisha zote kwenye mpira wa kusinyaa, ule mrija unaobana ukipashwa joto.

Waya ambao msiutumie kamwe ni wa spika za masikioni. Ndani yake shaba imepakwa vanishi ya rangi na kuchanganywa na nyuzi za nguo. Haushiki lehemu mpaka vanishi iungue, na hauvumilii kuvutwa. Waya wa kebo ya mtandao wa ukutani nao ni wa uzi mmoja, geji 24 kwa kawaida. Ni shaba safi ukipata mzuri, ila ni mgumu, na ganda ni polithini. Kwa kuunganisha poti na poti unafaa. Kwa pikapu inayopandishwa na kushushwa kwa skrubu, utakatika pale ulipochunwa.

SoldaPolepole

Kibanio kagusa jambo: uzi mmoja au nyuzi nyingi. Waya wa uzi mmoja unakaa unapoukunja, unapendeza ndani ya tundu, lakini kichunio kikiutia alama ndogo tu, hapo ndipo utakapokatika. Mkato hauonekani, kwa sababu ganda bado limeushika. Gitaa linakatakata sauti ukiligusa, mtu anaanza kulaumu jeki. Kwa pikapu, nyuzi 7 siku zote.

Bezi_Nne

Wakuu, waya wa ngao ya kusuka unafanyiwaje mwishoni? Ukikata unafumuka wote na nyuzi zinagusa kila kitu.

hambaka_mbili

Usikate ngao kwanza. Shika waya sentimita 3 kutoka mwisho, sukuma ngao nyuma ili ivimbe na kulegea. Kwa sindano butu panua tundu kati ya nyuzi za ngao, kisha kunja waya wa ndani uutoe kupitia tundu hilo. Sasa una vitu viwili vilivyotengana: waya wa ndani wenye ganda lake, na mkia wa ngao uliobaki mtupu. Vuta mkia unyooke, usokote, upake bati. Huo unakwenda mgongoni mwa poti. Hakuna uzi hata mmoja uliokatwa, kwa hiyo hakuna cha kufumuka.

Mgongo wa poti unanyonya joto. Kwangua kwa msasa mpaka chuma kipya kionekane, tumia pasi ya wati 60 na ncha pana, paka bati mgongo kwanza, ndipo ulaze mkia. Pasi ya wati 25 yenye ncha kali hapa ni adui: unakaa sekunde 20, poti ndani inaungua na waya wa karibu unaiva, lehemu bado imekaa juu kama tone.

Kama ganda la ndani ni plastiki, usiunge ngao karibu na mahali waya wa ndani unapotokea. Acha angalau sentimita 1.5. Joto la ngao linayeyusha ganda, waya wa sauti unagusa ethi, gitaa linakuwa kimya kabisa. Na kwa kuwa ngao yote iko wazi, vika mpira wa kusinyaa kila inapopita karibu na swichi au miguu ya poti.

Mnanda_wa_Sita

Hatua za kubadilisha waya kwenye kipete cha Strat zenyewe? Hapo ndipo penye hatari, sivyo?

SoldaPolepole

Ndipo hasa. Kabla ya hatua, jiulize kama unahitaji kufika kipeteni. Kama waya wa zamani ni mzima sentimita 4 au 5 za kwanza kutoka kwenye pikapu, ukate hapo na uunge mpya juu yake. Kata waya mmoja uwe mfupi na mwingine uwe mrefu kwa sentimita 1.5 ili viungo visikae ubavu kwa ubavu, vika kila kiungo mpira wa kusinyaa. Ncha za koili hazijaguswa. Haipendezi, lakini pikapu iko hai. Kama hakuna sababu ya msingi, mimi naishia hapo.

Ukilazimika:

1. Toa pikapu kwenye saketi. Ikiwa bado imeungwa kwenye volyumu ya kilo-omu 500, pikapu ya kilo-omu 8 itasoma 7.87 na utafikiri imeharibika. Pima ikiwa peke yake, andika namba.

2. Andika pia waya upi uko kwenye kipete kipi, na upande upi wa multimita ni upi.

3. Tafuta ncha ya koili kwa kioo cha kukuza. Kwa kawaida inazungushwa kwenye kipete au inapita ndani yake, kisha inazama kwenye koili. Ijue inapopita ili pasi na kibanio visiikaribie.

4. Weka pasi yenye joto la nyuzi 350 hivi za Selsiasi upande wa pili wa kipete, mbali na ncha. Lehemu ya 60/40 inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Mara tu inapong'aa, vuta waya wa zamani taratibu kwa mwelekeo wake. Usitikise. Usitumie pampu ya kufyonza lehemu hapa. Inaweza kuondoka na ncha ya koili. Lehemu ya zamani iache pale pale.

5. Waya mpya uchune milimita 4, upake bati, uukate ubaki milimita 3. Pasha kipete, uingize, ongeza lehemu kidogo sana, ondoa pasi. Sekunde 2, zikizidi sana 3. Usipulizie, usisogeze mpaka uso wa lehemu upoe.

6. Fanya upande wa pili baada ya upande wa kwanza kupoa.

7. Funga nyaya mbili kwenye pikapu kwa uzi mwembamba au tone la nta, ili mvutano usifike kipeteni.

Flaksi, yaani dawa ya kusafisha chuma ili lehemu ishike, iwe ya kolofonia, ile iliyomo ndani ya lehemu ya elektroniki. Flaksi ya asidi ya mafundi wa mabomba itakula waya wa milimita 0.063 polepole, miezi baadaye pikapu inakufa na hujui kwa nini. Lehemu isiyo na risasi inayeyuka juu zaidi, kwenye nyuzi 217 hivi kwa ile ya kawaida ya bati, fedha na shaba. Usiichanganye na ya zamani kwenye kipete kimoja, na kwa pikapu ya zamani afadhali 60/40.

Ganda_na_Shaba

Niongeze: nta ya kuzuia pikapu isipige kelele huyeyuka kwenye nyuzi 55 hadi 60 hivi. Ukiona nta inatiririka kutoka kwenye koili, umekaa muda mrefu. Acha ipoe kabisa kabla ya kuendelea. Kwenye hambaka bobini, kile kiunzi kilichozungushiwa koili, ni plastiki, nayo inajikunja kabla hujajua.

Telekasta_halisi

Wakuu, mmezungumzia Strat na hambaka, mmeiruka Telecaster, na ndiyo yenye mtego.

Pikapu ya daraja ya Tele (daraja ni chuma kinachobeba nyuzi upande wa mwili wa gitaa) ina bamba la chuma chini, na kipande kifupi cha waya kinaunganisha bamba hilo na kipete cha ethi. Skrubu za pikapu zinaligusa bamba, zinagusa daraja, daraja linagusa nyuzi za gitaa. Kwa hiyo ethi ya nyuzi inapita humo. Mtu akibadilisha waya na kugeuza nyaya mbili ili kurekebisha mwelekeo, bila kukata kipande kile, waya wa sauti sasa uko kwenye daraja na nyuzi. Volyumu ikipanda gitaa linavuma kama mzinga wa nyuki, na ukigusa nyuzi ndio linazidi.

Pikapu ya shingoni nayo: kifuniko cha chuma kinaungwa kwenye kipete cha ethi kwa waya mfupi. Ukitaka swichi ya njia 4 inayoweka pikapu mbili kwa mfululizo, kata waya huo na ukipe kifuniko waya wake wa tatu hadi ethi. Kwa hiyo kwa Tele nunua rangi tatu, si mbili. Nyeusi kwa ethi ya koili, nyeupe au njano kwa sauti, na rangi nyingine yoyote kwa chuma.

hambaka_mbili

Ni mtego uleule wa hambaka ya waya mmoja. Ngao ni ethi ya koili na ya chuma kwa pamoja, kwa hiyo haigeuziki. Ukitaka kuigeuza, lazima uweke waya wa nyaya mbili na ngao, utenganishe ethi ya bamba.

Bezi_Nne

Nitajuaje mwelekeo bila kufunga nyuzi na kusikiliza?

Pikofaradi

Weka multimita kwenye omu, upande mwekundu kwenye waya wa sauti, mweusi kwenye ethi. Weka bisibisi ya chuma juu ya vichwa vya sumaku, kisha uivute juu kwa haraka. Namba itaruka kidogo kwenda juu au chini kabla ya kutulia. Ya sindano inaonyesha vizuri kuliko ya tarakimu. Fanya hivyo kwa pikapu zote za gitaa. Zote zinapaswa kuruka upande mmoja. Moja ikiruka kinyume, itasikika nyembamba na haina besi ikichanganywa na nyingine. Geuza nyaya zake mbili, ukikumbuka onyo la Tele hapo juu.

Mnanda_wa_Sita

Na swali la ngao. Strat haina ngao kwenye nyaya zake. Niweke kebo yenye ngao ili kupunguza mvumo?

Pikofaradi

Inategemea mvumo gani. Ule mlio mkali unaopungua ukishika nyuzi unatokana na uwanja wa umeme, na ngao inausaidia. Ule mvumo mzito wa hezi 50 au 60 unaobadilika ukigeuka na gitaa unatoka kwenye sumaku ya transfoma na unaingia kwenye koili yenyewe. Hakuna waya utakaouzuia. Hapo ndipo hambaka ilipotoka.

Kwa Strat, nyaya fupi zilizosokotwa mzunguko mmoja kila sentimita 1 zinatosha, na karatasi ya shaba kwenye tundu inafanya kazi kubwa kuliko kuweka ngao waya mmoja mmoja. Ngao ina maana pale waya unapokwenda umbali mrefu: gitaa la Les Paul, ambako waya unatoka kwenye poti hadi swichi ya begani na kurudi. Huko weka waya wenye ngao bila kusita.

Ngao iungwe ethi upande mmoja. Ikiachwa bila kuungwa popote inakuwa kipokezi cha kelele, na hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Kibanio

Urefu: pitisha uzi wa kawaida kwenye tundu kutoka pikapu hadi poti kwa njia halisi, pima, ongeza sentimita 8. Kwa Strat ongeza zaidi kidogo ili ubao wa mbele uinuke bila kuvuta. Usiongeze sentimita 30 "kwa akiba". Waya uliokunjamana chini ya pikapu unaisukuma juu na urefu haushuki tena ukigeuza skrubu.

Bezi_Nne

Nimefuata hatua zote, pikapu ilikuwa kilo-omu 6.02 kabla, sasa inasoma 6.25. Nimeharibu kitu?

SoldaPolepole

Umepima mara tu baada ya kuunga? Shaba inaongeza ukinzani kwa asilimia 0.39 hivi kwa kila nyuzi 1 ya joto. Koili ikipata joto la nyuzi 10 tu zaidi, 6.02 inakuwa karibu 6.25. Iache saa moja kwenye meza, upime tena. Ikirudi 6.0 na kitu, funga gitaa. Ikibaki juu na namba inayumba ukigusa waya, kiungo kimoja ni baridi, yaani lehemu haikushika vizuri, kipashe upya. Ikisoma OL, yaani multimita haioni njia ya umeme, ncha ya koili imeachia; hapo chukua kioo cha kukuza, mara nyingi imekatika milimita chache kutoka kwenye kipete na bado inashikika.

Bezi_Nne

Imepoa. 6.03.